Korido ya Hatua Thelathini na Moja

Korido yetu ina hatua thelathini na moja, kutoka mlango wa ngazi mpaka dirisha la mwisho lenye nondo. Hizo ni hatua za mjukuu wangu, mwenye miguu mirefu. Kwa miguu yangu mimi zinafika sitini na kitu, tena nikipumzika mara mbili njiani. Tunakaa ghorofa ya tatu. Lifti haijawahi kuwepo, na magoti yangu yamegombana na ngazi mwaka wa pili sasa. Kushuka nashushwa, kupanda napandishwa, na anayefanya kazi hiyo ni huyo huyo mjukuu. Asipokuwepo, dunia yangu ni chumba, jiko, korido na zile nondo.

Namwita Sindano. Kwanza ni kwa wembamba wake. Pili, mimi nimeshona magodoro miaka thelathini na minne, na katika vyombo vyote vya karakana sikupenda kimoja kama ile sindano ndefu inayoingia upande huu na kutokea upande wa pili bila kuuliza njia. Mama yake yuko mbali kikazi, tumebaki wawili. Tunakula sahani moja na tunaazimana kandambili, maana miguu yetu ni saizi moja, ingawa wake umeanza maisha na wangu unayamalizia.

Alipomaliza shule nilimwombea kazi palepale karakanani, wakampa kiti changu. Kiti kilekile, dirisha lilelile linalotazama ukuta. Mimi nilifurahi. Yeye alitabasamu kama mtu aliyepewa gauni lisilomtosha, na aliyempa bado amesimama mbele yake anamtazama.

Kukimbia alianza kwa ajili ya vumbi. Ukikata sponji kutwa, vumbi lake linakuingia mpaka kwenye nyusi, basi akitoka kazini alikuwa anazunguka barabara ya nje mbio ili limpukutike. Mzunguko mmoja ukawa mitatu, ukawa kilomita kumi, ukawa kuamka alfajiri kabla ya kazi. Mwanamke mmoja, kocha wa timu ya wasichana, akamwona, akamsimamisha. Akamwambia kuna mchujo baada ya wiki sita, kilomita thelathini. Wanane wa kwanza wanachukuliwa kambini, mji mwingine, miaka miwili. Chakula huko, kulala huko, kazi yao kukimbia.

Aliniletea habari hiyo akiwa mlangoni, hajavua hata begi.

"Bibi, miaka miwili!"

"Nimesikia."

"Hufurahi?"

"Nimefurahi mpaka magoti yanauma," nikasema, tukacheka. Hapo sikudanganya. Yaliuma kweli.

Tatizo lilikuwa goko zake. Akirudi mbioni alikuwa anashika mguu hapa mbele, kwenye mfupa, anauma meno. Kocha alizitazama raba zake, soli imelika kama sabuni, akamwambia, "Hizi ni kandambili zenye kamba. Tafuta viatu vya masafa marefu, vyenye sponji ya maana chini. Ukija na hizi, mfupa utapasuka kabla hujafika katikati."

Duka la viatu liko chini ya jengo letu hilihili. Mwenye duka tunamwita Saizi, kwa sababu hakuulizi hujambo, anakuuliza saizi. Ana sheria moja: kiatu kikishagusa barabara ni chako. Lakini kwa ujirani alimkubalia Sindano apande na jozi mbili ghorofani, azijaribu, na jioni arudishe moja.

"Koridoni tu," akamwambia. "Nikiona punje ya mchanga kwenye soli, umeolewa nacho, na talaka sitoi."

Basi ndiyo hivyo. Viatu vya kwenda kilomita thelathini tukavijaribia kwenye hatua thelathini na moja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Niliweka kigoda changu mlangoni. Sindano akaketi sakafuni, maboksi mawili mbele yake. Jozi moja nyeupe, soli nene kama mkate ulioumuka. Jozi nyingine ya kijivu, soli ya wastani, sura ya kiatu cha mtu anayewahi kazini.

"Nitegee kitendawili kimoja, Bibi, nikiwa nafunga kamba."

"Mapacha wangu wana ulimi hawasemi, wana macho hawaoni, nikiwakanyaga ndipo wananipeleka."

"Aa, Bibi! Viatu. Si nimevishika mkononi?"

"Nilitaka uanze na ushindi, mke mwenzangu."

Akaanza na vyeupe. Akaenda dirishani, akagusa nondo, akageuka, akarudi, akagusa mlango wa ngazi, akageuka. Mara kumi. Mara ishirini. Mlango wa nne ukafunguka, jirani yetu fundi saa akatoa kichwa, miwani yake ya kazi bado ipo jichoni.

"Jamani, mnanunua viatu au mnavikimbiza?"

"Tunavipima, baba!" nikamjibu.

"Mimi nimeshika gurudumu dogo kama punje ya mtama humu ndani. Likinidondoka, nitamleta yule mteja umweleze wewe."

Akavaa vya kijivu, akaenda tena. Aliporudi akavivua, akaviweka kando ya vyeupe.

"Vya kijivu vinanisukuma," akasema. "Vyeupe ni kama nimekanyaga wingu. Lakini sijui. Hapa nikianza tu kukolea, nondo hizi hapa. Bibi, wewe ndiye unayeijua sponji. Hebu vishike."

Akanipa. Akapiga magoti mbele yangu, akanitazama mikono.

Sasa niwaeleze kuhusu kidole gumba changu. Kule karakanani mzigo wa sponji ulikuwa haushushwi kwenye lori mpaka nije niubonyeze. Sponji nyepesi inakupokea vizuri mno. Kidole kinazama, unajisikia umekaribishwa, lakini ukikitoa shimo linabaki pale kidogo, linafikiria. Sponji nzito inakukatalia kwanza, halafu ukikitoa kidole imesharejea kabla hujatazama. Dukani kila mtu anapenda ile nyepesi. Baada ya miezi mitatu anakuja na godoro lenye bonde katikati, mume na mke wanakutana humo hata siku wamenuniana.

Nikabonyeza vya kijivu. Vikanikatalia, vikarejea. Nikabonyeza vyeupe. Kidole kikazama taratibu, nikakitoa, na shimo likabaki linafikiria.

Nilijua palepale. Hata angenifunga kitambaa machoni ningejua. Na tena ya godoro ni sponji ya kulalia tu, imetulia. Ya kiatu inapigwa na mwili mzima maelfu ya mara kwa asubuhi moja. Vile vyeupe visingemaliza mwezi.

Sindano alikuwa bado amepiga magoti, ana jasho kwenye mdomo wa juu kama alivyokuwa akitoa tangu mtoto. Nikaiona Alhamisi, siku yangu ya kliniki, nimevaa, nimekaa kwenye kigoda, na hakuna mtu wa kunishusha. Nikaliona lile komeo la dirisha la jikoni nisilolifikia. Nikaiona korido, mimi peke yangu ndani yake, miaka miwili.

"Vyeupe," nikasema.

"Kweli, Bibi?"

"Kidole hakinidanganyi."

Na kidole hakikunidanganya. Aliyedanganya ni mdomo.

Wiki ya kwanza alirudi akiimba. Goko kimya, alisema, anaruka tu. Nikaanza kujiambia pengine kweli nimezeeka, kidole kimekufa ganzi, nimefanya jema bila kukusudia. Wiki ya pili akaacha kuimba. Wiki ya tatu viatu vyenyewe vikaanza kusema. Ukivisimamisha mlangoni vinaegemea kwa ndani, kama watu wawili wanaosengenya, na chini ya kisigino sponji imekunjamana. Maumivu yakarudi na mwenzake, sasa na kifundo cha mguu kinavimba.

Asubuhi akiondoka nilikuwa nasikia hatua zake kwenye ngazi, moja nzito, moja nyepesi. Namsikiliza mpaka chini kabisa. Halafu nabaki na kile chumba. Nilikuwa nimekizoea chumba kile, lakini wiki hizo kilipungua. Nakwenda jikoni, uongo wangu uko jikoni. Nakwenda dirishani, umenitangulia umeshika nondo.

Jumapili moja mchana ameketi, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

"Nitamwambia kocha anifute kwenye orodha," akasema, kama anayesema chumvi imekwisha.

"Kwa nini?"

"Viatu nimepata. Mazoezi nimefanya. Bado inauma. Basi kasoro ni mimi mwenyewe, mwili wangu si wa kwenda mbali." Akachezesha vidole majini. "Na wewe nani angekushusha ngazi? Labda ni heri hivi. Lete goti."

Akajifuta mikono, akanivuta mguu, akaanza kunikanda goti. Yeye anayeumia ananikanda mimi. Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, kimekaa mbele yangu na miguu ndani ya beseni, nikakitazama nikaona sikitaki hata kidogo.

"Nikutegee," nikasema.

"Tega."

"Nilifunga mlango ili mwenzangu asitoke. Nilipogeuka nikakuta aliyefungiwa ni mimi."

Akafikiri. "Kufuli?"

"Hapana."

"Mwizi? Mlinzi? Nimeshindwa, Bibi. Nipe jibu."

"Niletee kiatu chako."

Akanyoosha mkono akakichukua mlangoni. Nikamshika kidole gumba chake, nikakibonyeza kwenye ile soli, nikakitoa. Shimo likabaki. Tukalitazama wote wawili.

"Jibu ni uongo wangu," nikamwambia. "Siku ile nilijua. Nilibonyeza nikajua. Vya kijivu ndivyo vilikuwa viatu, hivi ni mto wa kulalia. Nikakupa hivi ili usifike."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya goti langu. Hakuuondoa mara moja. Aliuondoa polepole, kama mtu anayetoa kitu kilichonasa kwenye msumari.

"Na mimi nashona magodoro," akasema. "Kila siku nabonyeza. Kwa nini sikubonyeza?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshaniuliza mimi."

"Ungesema tu 'usiende', Bibi. Ningebaki."

"Najua. Ndiyo maana sikuweza kulitamka."

Alimwaga maji ya beseni, akatoka koridoni, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Siku mbili zikapita. Chai niliipata, chakula nilikipata, dawa nilipewa kwa saa yake. Kitendawili hakuna. "Shikamoo Bibi" asubuhi, na jioni "umekula?", basi.

Jumanne alipokwenda kazini nilivaa kanga mbili, moja juu ya nyingine. Vile viatu vyeupe nikavitia kwenye mfuko, mfuko nikauvaa shingoni. Nikaenda mpaka mlango wa ngazi, nikageuka, nikakaa chini.

Kuna kitendawili changu cha zamani: anawapandisha watu na kuwashusha, mwenyewe hajawahi kuondoka alipo. Jibu ni ngazi. Nilikitunga nikiwa na magoti. Siku hiyo niliijua ngazi kwa upande mwingine kabisa. Ni vipandio hamsini na vinne. Ukishuka kwa makalio kila kimoja kina baridi yake na kona yake.

Kwenye ghorofa ya pili nikakutana na fundi saa anapanda na chupa ya maziwa. Akasimama.

"Mama, unafagia ngazi?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Uimara wa kanga. Ya kwanza imeshashindwa."

Hakucheka. Aliweka maziwa chini. "Nikushike?"

"Ukitaka kunirudisha juu, usinishike. Ukitaka kunishusha, chukua huu mfuko tu, unaninyonga."

Akauchukua. Akawa anashuka mbele yangu kipandio kimoja kimoja, maziwa mkono huu, viatu mkono huu, mpaka chini.

Saizi aliponiona mlangoni kwake alisahau hata kuniuliza saizi. Aliniketisha kwenye benchi la wateja, nikazama mpaka magoti yakanikaribia kidevu.

"Mama, hivyo vimegusa barabara," akasema akiutazama mfuko.

"Vimegusa barabara zote za mji huu. Sikuja kuvirudisha. Nimekuja kukuuliza, hili benchi lina umri gani?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mteja wako anaketi kujaribu kiatu, akitaka kuinuka anahitaji kamba. Humu ndani sponji ilishakufa, mmeiacha bila kuizika. Nipe sponji nzito na kitambaa kigumu, nikushonee benchi hili. Na vile viti vya ukutani. Wewe unipe vya kijivu."

Akajikuna shingo. "Utashonea wapi?"

"Juu. Mimi niko ndani siku zote, hutapata shida ya kunitafuta."

Aliondoka akaenda nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi na boksi. Alilifungua mwenyewe. Nikabonyeza. Vikanikatalia, vikarejea.

"Leo niuze kiatu au ninunue kidole?" akasema. "Ungekuwa unakaa hapa dukani nisingeuza hata jozi moja nyeupe. Haya, chukua. Lakini sasa, mama, kupanda utapandaje?"

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Niwaambie kweli, kushuka kulinijaa kichwani kote, hakukuwa na nafasi ya kupanda. Basi nikabaki pale, nimezama kwenye benchi, boksi mapajani, tangu saa tano mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimetoka juu nikanaswa chini. Nikatazama miguu ya watu mlangoni. Wote wanakwenda mahali, wala hawajui kama wanakwenda.

Sindano alipita akichechemea, akanipita hatua tatu, akarudi.

"Bibi!"

"Marahaba."

"Marahaba ya nini, sijakuamkia! Umeshukaje?"

"Kwa makalio."

Alijizuia. Alikaza midomo, akatazama maboksi ukutani, akatazama dari. Halafu kicheko kikamtoka puani kama chafya, na chozi likafuata njia hiyo hiyo. Akalichukua boksi, akakiinua kiatu kimoja cha kijivu, akakibonyeza mwenyewe kwa kidole chake. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Safari hii hakuniuliza mimi. Akamwambia Saizi, "Hivi," akanigeuzia mgongo akachuchumaa.

"Panda."

"Na mguu huo?"

"Panda, Bibi, kabla sijabadili mawazo."

Vipandio hamsini na vinne. Kwenye ghorofa ya pili akapumzika, ameegemea ukuta, mimi nikiwa mgongoni kama mtoto.

"Mzito wewe."

"Ni sponji nzito hiyo."

"Bado nimekasirika, ujue."

"Kasirika tu. Lakini usiniangushe."

Alipumzisha mguu siku tano, kocha alivyomwelekeza. Halafu akaanza kidogo kidogo na vya kijivu. Alfajiri nilikuwa nasikiliza ngazi. Siku ya nne hatua zake zilisikika sawa zote mbili, na mimi nikalala kifudifudi, uso ndani ya mto, kwa sababu ndani ya kifua mambo mawili yalikuwa yanasukumana na sikutaka lolote kati yake litoke.

Mchujo wenyewe sikuuona. Nilikuwa juu nashona benchi la Saizi, sindano inaingia huku inatokea huko. Alirudi mchana, midomo mikavu, ukucha mmoja mweusi.

"Wa saba," akasema.

"Kati ya wanane?"

"Kati ya wanane."

Nikamwambia aketi nimpe maji. Nikachukua muda mrefu sana huko jikoni kwa bilauri moja ya maji.

Aliondoka Ijumaa. Siku za Alhamisi sasa ananishusha mke wa fundi saa, mwanamke wa nguvu, lakini hajui kwamba goti la kushoto ndilo linalotangulia, kila mara namkumbusha. Komeo la dirisha la jikoni limebaki kama lilivyobaki. Dunia yangu ni chumba, jiko, korido na zile nondo.

Vile vyeupe nilivifua. Ninavivaa mimi. Kwa mtu wa kilomita thelathini vilikuwa balaa, lakini kwa mtu wa korido, sakafu ya saruji, na magoti kama haya yangu, ni laini jamani, siwezi kuwasingizia. Sindano aliniachia amri: kila siku niende mpaka dirishani na kurudi, nihesabu, na jioni akipiga simu nimpe hesabu.

"Bibi, shikamoo. Leo mara ngapi?"

"Marahaba. Mara nne."

"Jana si ulisema nne?"

Huko kwake nilisikia wasichana wanacheka, na viatu vingi vinavuliwa kwa mpigo.

"Jana nilikudanganya," nikasema. "Jana zilikuwa mbili. Leo ndiyo nne."